Kamera ya Renjifainda Nairobi: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Kamera ninayozunguka nayo mjini ni Yashica Electro 35 GSN. Ilikuwa ya mjomba wangu, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja River Road. Picha za pasipoti na za harusi alizipiga kwa kamera za kazi. Hii aliibeba Jumapili, kwa ajili ya watu wake. Nikiwa nayo shingoni sipiti Kenyatta Avenue bila kusimamishwa: vijana wanataka kujua inauzwa wapi, wazee wanataka kuishika tu, wavute ule mkono wa filamu mara moja na kunirudishia. Maswali ni yaleyale, basi nimeyajibu hapa. Nazipenda kamera hizi na sitajaribu kulificha hilo.

Renjifainda ni kamera ya namna gani?

Ni kamera yenye kipimio cha umbali tumboni mwake. Itazame kwa mbele: juu ya lenzi kuna dirisha kubwa la kutazamia, na kando yake kidirisha kidogo. Ndani kuna kioo kinachopitisha sehemu ya mwanga na kuakisi sehemu nyingine, na kazi yake ni kulaza picha ya kidirisha kidogo juu ya picha ya dirisha kubwa. Ukiweka jicho utaona doa la manjano katikati, na ndani ya doa hilo kila kitu kina pacha wake. Zungusha lenzi, pacha anasogea. Wakikaa sawasawa, mmoja juu ya mwenzake, umefokasi. Ni hesabu ileile ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni: ukijua urefu wa kitako na ukubwa wa pembe, umbali umeupata.

Kwa hiyo hutazami kupitia lenzi, kama ufanyavyo kwenye SLR, ile kamera ambayo kioo cha ndani hukuonyesha kinachopita kwenye lenzi yenyewe. Karibu kila uzuri wa renjifainda, na karibu kila udhaifu wake, unatoka hapo.

Ina nini ambacho simu yangu haina?

Simu yako inaona gizani, inahesabu kila kitu yenyewe, na inatuma picha Kisumu kabla hujaishusha mkono. Sishindani nayo katika hayo. Nitakwambia kinachonifanya nirudi kwenye Yashica kila wiki.

Dirisha la kutazamia liko kwenye kona ya kushoto ya kamera. Nikiweka jicho la kulia, jicho la kushoto linabaki wazi na uso wangu unabaki nje karibu wote. Ninayempiga picha ananiona. Anaona kama natabasamu, anaona kama nina haraka, anaweza kuniuliza jambo nami nikamjibu bila kuishusha kamera. SLR inakaa katikati ya uso kama kinyago. Simu nayo unainyoosha mbele yako, kisha nyote wawili mnaitazama simu. Nimezipiga picha za mama yangu kwa vyombo vyote vitatu, na ni kwa renjifainda tu ambapo macho yake yananitazama mimi.

Halafu kuna fremu. Ndani ya dirisha umechorewa mistari angavu inayoonyesha kitakachoingia kwenye filamu, lakini nje ya mistari hiyo bado unaiona barabara. Nikisimama kona ya Tom Mboya Street, mwenye mkokoteni namwona anakuja kabla hajafika ndani ya fremu, na ninaweza kumngoja. Wakati wa kubofya hakuna kioo kinachoruka na kunifunika macho: sekunde ileile picha inapopigwa, mimi bado natazama. Sauti yake ni ndogo, kama mtu aliyebana ulimi kwenye meno. Mtoto aliyelala haamki.

Zilianza lini?

Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alitengeneza kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Leica ya kwanza iliingia sokoni 1925, ila umbali ulibidi ukadirie mwenyewe. Mwaka 1932 Leica II na Contax ya Zeiss Ikon zilitoka zikiwa na kipimio kilichounganishwa na lenzi. Leica M3 ya 1954 ikaweka kipimio na fremu ndani ya dirisha moja pana, angavu, na mpango huo haujabadilika sana hadi leo. Wajapani wakazifanya ziwe za mtu wa kawaida: Yashica ilitoa Electro ya kwanza 1966, na Canon ikatoa Canonet QL17 G-III mwaka 1972. SLR zilipokuja kutawala, watengenezaji wengi wakaziacha.

Ninunue ipi ya kuanzia?

Kama ni yako ya kwanza, Canonet QL17 G-III. Ni ndogo, lenzi yake ya milimita 40 inafunguka hadi f/1.7 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), na kuweka filamu ni rahisi mno: unalaza ncha yake, unafunga mlango, unavuta. Shata yake, pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ni ya kimakanika, kwa hiyo hata betri ikifa kasi zote zinafanya kazi. Unapoteza kipima mwanga tu.

Electro 35 ni kubwa na nzito zaidi. Unachagua kipenyo, yaani upana wa tundu la lenzi, yenyewe inachagua kasi ya shata. Taa ya manjano inakuonya kwamba kasi imeshuka na mkono unaweza kutikisika. Nyekundu inasema mwanga umezidi. Bila betri inabaki na kasi moja, 1/500. Nawaambia watu waichukue kama lenzi ndiyo inayowavuta, kwa sababu 45mm f/1.7 ile inachora ngozi ya mtu kwa upole ambao sijaupata kwingine kwa pesa kama hizo.

Zorki 4 ya Urusi, iliyotengenezwa Krasnogorsk kuanzia 1956, ina sharti moja ambalo lazima ulishike: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe kasi ya shata. Ukigeuza kabla ya kuvuta unaweza kuharibu mitambo. Nyingi zimekufa kwa mkono wa mtu ambaye hakuambiwa.

Na Leica? Inastahili bei ile?

Nimeazimwa M3 kwa wiki mbili. Dirisha lake ni safi kuliko jicho langu, na mkono wa filamu unateleza kama umepakwa siagi. Inastahili, kama pesa hiyo haitoki kwenye karo ya watoto. Leica bado inatengeneza kamera za filamu za aina hii, hata M6 waliirudisha sokoni 2022. Lakini yale niliyoyasema juu ya uso na fremu utayapata kwenye Canonet pia.

Nikikutana na ya zamani inauzwa, nikague nini?

Usiwe na haraka, na usiogope kumwomba muuzaji muda. Mimi huanza na mlango wa nyuma. Fungua, weka kasi ndogo, bofya, tazama kama shata inafunguka na kufunga bila kusita. Kisha elekeza lenzi kwenye mwanga na uchungulie ndani yake. Nyuzi nyembamba kama mizizi au utando wa buibui ni ukungu, yaani kuvu. Kamera zilizokaa Pwani zinao mara nyingi, kwa sababu ya unyevu. Ukungu kidogo ukingoni unasafishika. Ukiwa umetafuna kioo chenyewe, shukuru na uondoke.

Kipimio cha umbali unakikagua kwa kitu kilicho mbali sana. Nairobi tuna bahati: asubuhi isiyo na mawingu, panda juu ya jengo lolote lenye mwanya wa kusini magharibi, utaviona vilima vya Ngong na ile mitambo myeupe ya upepo juu yake. Peleka lenzi hadi mwisho, kwenye alama ya umbali usio na kikomo, halafu lenga mhimili mmoja. Ule mstari mweupe uliosimama mbele ya anga ni kipimo kizuri kuliko chochote nilichowahi kutumia. Ukiwa mmoja, kamera ni nzima. Ikionekana mihimili miwili, kipimio kimepotoka, na fundi atakurekebishia. Usiendelee kupiga ukitumaini kwamba hutofautiana kidogo tu: kwa f/1.7, tofauti kidogo ni macho yenye ukungu na masikio makali.

Kwa Electro kuna jambo moja zaidi, nalo ni la kusikiliza. Ivute filamu taratibu mbele ya sikio. Inapofika mwisho lazima usikie mlio mzito, "kok", kama mlango wa kabati unaofunga. Ndani yake kuna kipande kidogo cha mpira ambacho kwa miaka mingi huoza na kuwa kama lami. Kikiisha, mlio unapotea, na pamoja nao kamera inapoteza uwezo wa kupima kasi. Ya mjomba ilikuwa bubu nilipoipata. Niliipeleka kwanza kwenye duka moja mjini ambako nilirudishiwa baada ya mwezi, imefungwa vilevile, na skrubu moja haipo. Baadaye nikampata mzee anayetengeneza saa na kamera kwenye chumba chenye upana wa meza yake. Aliondoa sahani ya juu, akanionyesha kile kipande kwenye ncha ya koleo, cheusi, kimeshikamana kama jamu. "Hii ndiyo ilikuwa inakusumbua, kijana," akasema, akakata kingine kutoka kwenye mpira wa kawaida, akakigundisha, akasubiri, akavuta. Kok. Aliivuta tena mara tatu, nadhani kwa raha yake mwenyewe.

Ndiyo maana siamini kwamba vitu hivi vimekufa. Hakuna nilichotengenezewa kwenye simu ambacho kilitatuliwa kwa kipande cha mpira.

Betri zake bado zipo?

Zile za asili zilikuwa za zebaki na hazitengenezwi tena. Canonet ilitumia ya volti 1.35. Mimi hununua betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, za volti 1.4, na kuijazia nafasi kwa pete ndogo ya waya. Unazipata kwenye maduka ya vifaa hivyo. Ukibandua kibandiko chake inaanza kupumua na haitadumu muda mrefu, basi banduo hilo lisubiri hadi uwe na filamu ndani. Electro ilitaka volti 5.6, nayo inakubali 4LR44 ya volti 6 ukiweka springi ya kuziba pengo. Tofauti hiyo haijawahi kunisumbua.

Nipime vipi mwanga wa Nairobi bila kipima mwanga?

Kanuni ya jua kali ni hii: weka kipenyo f/16, na kasi iwe karibu sawa na ISO ya filamu, ile namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga. Filamu ya 200, kasi 1/250. Filamu ya 400, kasi 1/500. Hapa tuko zaidi ya nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, tena juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua la saa sita linasimama utosini. Linajaza kivuli kwenye mashimo ya macho. Siwapigi watu picha juani saa hiyo. Nawaomba tusogee chini ya veranda, ardhi iliyo juani ikiturushia mwanga kwa chini.

Muda mzuri ni saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, mwaka mzima, maana jua letu halibadilishi ratiba. Na usidharau Julai. Mawingu yale ya kijivu ambayo kila mtu analalamikia ndiyo mwanga laini kuliko wote tulio nao. Filamu ya 400, f/5.6, 1/250, na uso wa mtu unatoka kama ulivyo.

Onyo: Leica na Zorki za shata ya kitambaa hazina kioo cha kulinda shata. Ukiiacha lenzi wazi ikilitazama jua, lenzi inafanya kazi ya kioo cha kukuza na kutoboa kitambaa. Kifuniko kirudi mahali pake.

Kwa nini nyuso zetu hutoka nyeusi mno, bila sura?

Swali hili naulizwa kwa huzuni, na lina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi zake kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa ngozi "sahihi". Filamu ilipoanza kuboreshwa ili ionyeshe rangi za kahawia vizuri zaidi, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vyema. Filamu za leo ni bora sana, lakini kipima mwanga bado hakijui kinatazama nini. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga nyeupe, kitapima anga na kumzamisha yeye.

Mjomba aliijua dawa hiyo bila kuisoma popote: ipe filamu mwanga zaidi. Filamu ya rangi ya negativu, ile ambayo rangi hutoka kinyume kwanza, haiogopi mwanga mwingi, inaogopa giza. Kwenye Electro naweka filamu ya 200 halafu naigeuza alama ya ISO iwe 100. Picha zote zinapata mwanga maradufu. Mashavu yanang'aa, na rangi ya chini ya ngozi, ile nyekundu ya udongo ambayo simu huigeuza kijivu, inakuja yenyewe.

Nitamfokasi vipi mtu anayetembea?

Usimfokasi yeye, fokasi mahali. Lenzi ya 45mm ikiwa f/8 na umbali mita 3, kila kilicho kati ya takriban mita 2.2 na 4.6 kitakuwa kikali. Jifunze mita 3 kwa macho: kwangu ni hatua nne fupi. Halafu ngoja mtu aingie ndani ya eneo hilo.

Watu hawakasiriki?

Hukasirika wakiviziwa. Gikomba asubuhi nilimsalimu mama mmoja anayepanga viatu vya mtumba kwa rangi, vyekundu mbali, vyeupe mbali. "Habari ya asubuhi, mama. Naomba nipige picha ya mpangilio wako." Akaitazama kamera. "Hiyo si ni ya zamani? Baba alikuwa na kama hiyo." Akasimama wima, akafuta mikono kwenye leso, akaendelea kuniambia habari za baba yake, nami nikabofya katikati ya sentensi. Nilimpelekea nakala baada ya wiki mbili. Peleka nakala kila mara. Ndiyo adabu ya kazi hii.

Kisheria, kambi za jeshi, vituo vya polisi na ikulu uviache. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka upate idhini ya mtu kabla ya kuitumia sura yake kibiashara.

Filamu nitaoshea wapi?

Maabara za rangi mjini zimebaki chache. Ulizia wapigapicha wa filamu, watakuelekeza iliyo hai mwezi huo. Mwambie mwenye maabara kwamba unataka negativu zako zirudi, maana wengine wakishaskani huzitupa. Rangi huoshwa kwa dawa ya nyuzi 38, zinazotaka uangalizi. Nyeusi na nyeupe osha mwenyewe nyumbani: nyuzi 20, tanki, dawa mbili tatu na bafu lenye giza. Baridi ya Nairobi inakusaidia. Mombasa ungehitaji barafu.

Mashine za uwanja wa ndege zinaharibu filamu?

Skena za CT, zile za eksirei zinazopiga mzigo kutoka pande zote, ndiyo, hata mara moja. Usiweke filamu kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege. Ibebe mkononi ndani ya mfuko unaoonekana ndani, na uombe ikaguliwe kwa mkono.

Kosa gani kubwa kuliko yote?

Kifuniko cha lenzi. Kwa kuwa hutazami kupitia lenzi, dirisha linabaki angavu hata lenzi ikiwa imefunikwa. Canonet itakustua, kwa sababu jicho lake la kupimia liko kwenye duara la lenzi na kifuniko kinalifunika pia. Electro haikustui. Jicho lake liko juu, kwenye mwili wa kamera, na linaendelea kupima kama kawaida. Kwenye ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) ya binamu yangu nilipiga fremu 11 za wazee wakishikana mikono, na zote zilitoka tupu, filamu wazi kama maji. Mmoja wa wazee wale amefariki. Tangu siku hiyo kifuniko cha Yashica kinakaa nyumbani kwenye droo, na kwenye lenzi nimeweka kioo cha kinga.

Negativu nizihifadhi vipi?

Kwenye mifuko ya karatasi au plastiki isiyo na asidi, mahali pakavu, mbali na dari ya mabati. Andika tarehe na mahali siku ileile. Mpigapicha Priya Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi 1935, aliuawa kwenye vita vya Biafra 1968, na hazina ya picha zake ilikaa miaka mingi kwenye gereji hapa mjini kabla ya kupatikana. Hakuna aliyehitaji neno la siri ili kuzifungua.

Za mjomba zilikuwa kwenye mkebe wa biskuti. Nimeskani karibu nusu. Kwenye ukanda mmoja ulioandikwa "Jeevanjee, Pasaka 1978" mama yangu ameketi kwenye benchi, kiatu kimoja mkononi, anacheka na kusema kitu. Nilipomwonyesha aliishika simu karibu na uso. "Alikuwa ananiuliza kama kisigino kimevunjika," akasema, "na mimi namwambia aache kucheka kwanza."